Treni ya usiku ya Przemyśl hadi Kyiv, na ya mchana hadi Kharkiv: maoni ya abiria

Tangu Urusi ilipovamia tarehe 24 Februari 2022 anga la Ukraine limefungwa kwa ndege za abiria. Hakuna ndege ya Kyiv, ya Lviv wala ya Odesa. Anayetaka kuingia ataingia kwa gari, kwa basi au kwa treni, na mimi nasema panda treni. Naandika kwa sababu ndugu wengi waliosoma Ukraine, Watanzania na Wakenya, bado wana vyeti vya kufuatilia, wengine wana wake, waume na watoto kule, na maswali wanayoniuliza ni yale yale: treni ipo kweli? Ni salama? Mtu mweusi anapokelewaje? Nitajibu yote. Ila sehemu kubwa ya maoni yangu itahusu watu niliolala nao chumba kimoja, maana hao ndio wanaonifanya niithamini safari hii kuliko nauli niliyolipa.

Niseme kwanza kwa nini nasafiri mimi na si mume wangu. Yeye ni mzaliwa wa Kharkiv, tulikutana hapo nikisomea udaktari, na vita vilipoanza tulikuwa tumeshahamia Poland. Sheria ya hali ya vita inawazuia wanaume wa miaka 18 hadi 60 kutoka nje ya nchi. Agosti 2025 wale wa miaka 18 hadi 22 waliruhusiwa, lakini mume wangu amepita arobaini. Akienda kumwona mama yake huenda asirudi kwa watoto wake. Mama naye amekataa katakata kuhama. Basi mkaza mwana ndiye anayebeba dawa za presha, soksi za sufu na salamu.

Tikiti nisiziongelee sana. Zinauzwa kwenye tovuti na programu ya simu ya Ukrzaliznytsia, shirika la reli la Ukraine, na jina lazima lilingane na pasipoti herufi kwa herufi. Za njia ya kimataifa huisha haraka mno. Msikimbilie mawakala, kuna mmoja huku Poland aliniuzia kitanda karibu mara mbili ya bei halisi, na nilipofika nikakuta mama mwingine ameuziwa kitanda hicho hicho. Nunueni wenyewe, tena wekeni nakala ya karatasi. Tarehe 23 Machi 2025 mifumo ya kompyuta ya shirika hilo ilishambuliwa na wadukuzi, mauzo ya mtandaoni yakazimika, watu wakapanga foleni kwenye madirisha ya stesheni kama zamani. Treni zenyewe hazikusimama. Wafanyakazi walirudi kwenye karatasi na simu, zikaendelea kwenda.

Przemyśl ni mji mdogo wa Poland, kilomita chache kutoka mpakani. Reli za Ukraine zina upana wa milimita 1520, za Poland 1435. Anayejua habari ya mizigo ya TAZARA kuhamishwa Kidatu ili iingie Reli ya Kati atanielewa upesi: treni ya nchi moja haiwezi kupita moja kwa moja kwenye reli ya nchi nyingine. Bahati ni kwamba reli pana ya Kiukraine imevutwa hadi ndani ya stesheni ya Przemyśl, kwa hiyo unashuka treni ya Kipoland, unapita ukaguzi wa pasipoti, unapanda ya Kiukraine. Foleni ya ukaguzi ni ndefu, na sehemu yake iko nje kwenye baridi. Vaeni vizuri.

Itazameni foleni hiyo. Ni wanawake, watoto, wazee, na paka ndani ya vikapu. Wanaume wa makamo unawahesabu kwa vidole, nao aghalabu ni wageni: madereva, waandishi wa habari, watu wa misaada. Mizigo nayo inasema. Karibu kila mama ana betri kubwa ya kuchajia simu na taa, kwa sababu tangu Oktoba 2022 Urusi imekuwa ikipiga vituo vya umeme kwa makombora na droni, na mgao wa umeme umekuwa sehemu ya maisha. Sisi tunaujua mgao wa ukame na wa mitambo chakavu. Huu ni wa mtu aliyekusudia bibi kizee wa ghorofa ya tisa akae gizani Januari, lifti imelala, maji hayapandi.

Mimi huchagua chumba cha wanawake watupu, vitanda vinne. Wanavyo, ukitafuta kwenye programu utaviona. Ndani kuna vitanda viwili chini, viwili juu, meza ndogo dirishani. Shuka, foronya na taulo huja ndani ya mfuko uliofungwa, safi kabisa. Mhudumu wa behewa, mara nyingi ni mama, analeta chai ndani ya bilauri iliyovalishwa kishikio cha chuma chenye nakshi. Mabehewa mengi ni ya zamani, vyoo vyake ni vya zamani pia, na joto la ndani wakati wa baridi ni kali kiasi cha kulala na kanga tu. Joto hilo lina sababu ya kuheshimiwa: mabehewa hayo yana boila yake ya makaa ya mawe, kwa hiyo hata umeme wa mkoa mzima ukikatika, ndani hapapoi. Nyaya zikikosa umeme wanaleta injini ya dizeli, inavuta. Mnachelewa, mnafika.

Sasa watu.

Safari ya mwisho, vita vikiwa katika mwaka wa nne, tulikuwa wanne. Bibi mmoja wa Mariupol, mji wa pwani uliozingirwa na kutwaliwa na Warusi mwaka 2022, mwalimu wa shule ya msingi wa Kharkiv, mwanamke kijana wa Poltava ambaye mumewe ni mwanajeshi upande wa Donetsk, mashariki kwenye mapigano, na mimi. Sikuwahoji. Treni ikishaanza kutembea na chai ikishafika, watu huongea wenyewe, na atakayepanda na hamu ya kuuliza "umepoteza nani?" namwomba aiache stesheni.

Bibi alianza kwa hasira. Anaishi Warsaw kwa bintiye, na mara kadhaa watu wa habari wamemtembelea. Wote, alisema, wanataka handaki. Ulikaa siku ngapi chini? Mlikula nini? Ulisikia nini? Naye huwajibu, kwa sababu anaona ni wajibu: kwamba Machi 2022 mji ulipozingirwa hawakuwa na maji, gesi wala umeme, kwamba waliyeyusha theluji, na theluji ilipoisha wakafungulia maji machafu yaliyokuwa ndani ya mabomba ya kupashia nyumba joto, kwamba walipika uani kwa kuni za kabati na vitanda vyao, na anayekwenda kuchochea moto alikwenda akijua huenda asirudi. Tarehe 16 Machi ulipigwa ukumbi wa michezo ya kuigiza ambako mamia ya watu walikuwa wamejificha, na nje pameandikwa chini kwa herufi kubwa kwamba ndani mna watoto. Yeye hakuwa huko. Alikuwa mitaa kadhaa mbali, akimshika mkono mumewe, ambaye moyo wake ulikuwa umezoea vidonge na vidonge vimekwisha.

"Hakuna aliyeniuliza mume wangu alifanya kazi gani," alisema. "Hata mmoja."

Basi mwalimu akamwuliza. Ikawa usiku wa mzee huyo. Alifanya kazi Azovstal, kiwanda cha chuma, kwenye tanuru, tangu kijana hadi alipostaafu. Alikuwa fundi wa kila kitu nyumbani isipokuwa bomba la jikoni, ambalo lilimshinda maisha yake yote. Kila Jumapili alikwenda kuvua vile visamaki vya Bahari ya Azov vyenye kichwa kikubwa, anavitia chumvi na kuvitundika kwenye kamba barazani mpaka jirani wa juu analalamika. Nikamwambia kwetu Tanga tunapasua samaki na kuanika jua kali, tunaita ng'onda, na harufu yake jirani hawezi kuikwepa. Akacheka, akataka kujua chumvi tunatia kiasi gani. Tuliongea chumvi muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba walimzika uani penye bustani ya maua, majirani wanaume wawili ndio waliochimba, ardhi ilikuwa bado imeganda, na jina aliliandika mwenyewe kwenye ubao wa kabati kwa rangi ya kucha. Hajui kama ubao upo. Jengo limebomolewa na walioutwaa mji, wanajenga upya. Alikuwa anakwenda Kyiv kwa ajili ya hati ya kifo cha mumewe, maana daftari za Mariupol hazifikiki, na mahakama inahitaji mashahidi.

Nimesoma habari nyingi za Mariupol. Sikuwahi kufikiri kwamba mjane anaweza kuhitaji mashahidi ili serikali yake ikubali kwamba amefiwa.

Mwalimu alikuwa mtu wa maneno ya haraka, mwenye mkoba wa vitabu vya hadithi alivyopewa Poland kwa ajili ya wanafunzi wake. Anafundisha ndani ya stesheni ya treni za chini ya ardhi. Kharkiv ina madarasa ndani ya stesheni hizo tangu Septemba 2023, na baadaye jiji likaanza kujenga shule kamili chini ya ardhi. Sababu ni jiografia. Mpaka wa Urusi uko kilomita thelathini na kitu tu. Kombora likirushwa kutoka Belgorod, mji wa Urusi ng'ambo ya mpaka, hufika kabla dakika haijaisha, na mara nyingi king'ora hulia baada ya mlipuko. Hakuna muda wa kuwatoa watoto darasani kuwapeleka kwenye handaki, kwa hiyo darasa lenyewe limekwenda handakini.

Alituomba tufanye hesabu naye. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Septemba 2020 alianza na korona, akasoma kwa kompyuta. Februari 2022 vikaja vita, kompyuta tena, wakati mwingine bila umeme. Kisha stesheni. Mtoto huyo leo ana miaka kumi na moja au kumi na miwili, na siku alizokaa darasani penye dirisha ni chache mno. "Ninapowafundisha majira ya mwaka," alisema, "nawapandisha juu kwa zamu, dakika chache, waone mti." Alilitamka hilo kama mtu anayeripoti kazi. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba wamekuwa watulivu kupita umri wao. Alitamani wapige kelele.

Yeye ndiye aliyeniuliza natoka wapi, na nilipomwambia Tanzania akaitaja Kenya. Anamkumbuka balozi wa Kenya wa wakati huo, Martin Kimani, aliyesema kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa usiku wa tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na watawala wa mbali, London, Paris na Lisbon, na pamoja na hayo nchi za Afrika zilichagua kuishi ndani ya mipaka hiyo badala ya kumwaga damu kuitafuta ya kale. Mwalimu alikuwa ameisikiliza hotuba hiyo yote kwenye simu. Alisema alijisikia ameeleweka na mtu asiyemjua. Nami nilijivunia jirani yetu. Nawaambia hili ndugu zangu wanaoniandikia kwamba hivi ni vita vya Marekani na Urusi tu, sisi havituhusu. Kimani aliona vinatuhusu, na hoja aliitoa kwenye historia yetu wenyewe.

Mwanamke wa Poltava alikuwa amejilaza kitanda cha juu, kimya, simu kifuani. Alikuwa amempeleka mwanawe kwa dada yake Wrocław, anarudi peke yake kazini. Saa nne hivi za usiku simu ikatetemeka, akaketi ghafla hata akagonga kichwa. Akatuonyesha kioo cha simu. Kulikuwa na alama moja tu, ya kujumlisha. "Yu hai," alisema, akashuka kuomba chai.

Wanajeshi wengi huwaandikia hivyo wake zao na mama zao. Mtandao ni dhaifu, mikono imechoka, na kuandika marefu kuna hatari. Jumlisha moja inatosha. Kuna wakati haiji siku mbili. Hapo, alisema, anaosha vyombo ambavyo ni safi.

Yeye na mwalimu hawakuelewana, na ningekuwa nawadanganya ningewaambia chumba kizima kilisema sauti moja. Mwalimu haamini katika kuachia ardhi yoyote. Anasema kila walichoachia mwaka 2014, Urusi ilipoitwaa Krimea, kilirudi kama kombora mwaka 2022. Kijana huyu alisema mumewe yuko mstari wa mbele tangu mwaka wa kwanza, likizo anazozipata ni za siku chache, hakuna tarehe ya kumaliza utumishi, na yeye anapita Kyiv anaona wanaume wenye afya wanakunywa kahawa. "Sitaki waachie kitu," alisema. "Nataka mtu mwingine naye abebe." Mwalimu akanyamaza. Kisha akasema kaka yake ni mmoja wa hao wa kwenye kahawa, anajificha asiandikishwe jeshini, na hawajazungumza tangu mwaka jana. Bibi alikuwa akiwasikiliza wote wawili huku akimenya chungwa. Aliligawa vipande vinne akatupa kila mmoja wetu.

King'ora. Kila mtu Ukraine ana programu ya tahadhari ya mashambulizi ya anga kwenye simu, iliyotengenezwa na kampuni za Kiukraine siku za mwanzo kabisa za uvamizi, na inalia hata simu ikiwa imezimwa sauti. Unachagua mkoa wako. Ndani ya treni inayokata mikoa, na abiria wa kila mkoa wakiwa mlemle, simu hulia kwa awamu: kwanza ya mtu wa Khmelnytskyi, baadaye ya mtu wa Zhytomyr, kisha za Kyiv kwa pamoja. Droni za Urusi aina ya Shahed watu huziita pikipiki kwa ajili ya mlio wake. Nyumbani kuna kanuni ya kuta mbili: ukishindwa kufika handakini, kaa mahali ambapo kati yako na nje pana kuta mbili, ya kwanza izuie mlipuko, ya pili vigae na vioo. Ndiyo maana familia nyingi hulala koridoni au bafuni. Treni haina kuta mbili. Mhudumu alipita akashusha mapazia na kupunguza taa, akasema kwa utulivu tukae mbali na dirisha, tusubiri maelekezo. Treni iliendelea. Wakati mwingine husimama na abiria wakaambiwa washuke, hasa mikoa ya karibu na mapigano.

Je, ni salama? Jibu la kweli ni kwamba reli ni shabaha. Tarehe 8 Aprili 2022 kombora lilipiga stesheni ya Kramatorsk iliyojaa watu waliokuwa wakisubiri kukimbia. Walikufa watu wapatao sitini, watoto miongoni mwao. Tarehe 24 Agosti mwaka huo huo ilipigwa stesheni ya Chaplyne, walikufa zaidi ya ishirini. Tarehe 4 Oktoba 2025 droni zilizipiga treni mbili Shostka, mkoa wa Sumy, ya pili wakati watu wanaokoa wa ya kwanza. Wafanyakazi wa reli waliouawa tangu uvamizi ni mamia. Njia ya magharibi ninayoisema hapa ina hatari ndogo kuliko ya mashariki, lakini asiwepo wa kuwaambia haina.

Mhudumu wetu alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo Machi 2022. Usiku huo, tahadhari ilipoondolewa, alisimama mlangoni kwetu akatusimulia huku ameshika beseni la bilauri. Behewa kama lile lina vitanda 36. Siku zile aliwabeba watu wasiohesabika, kila chumba cha watu wanne kimebeba zaidi ya kumi, koridoni wamesimama, kwenye kitanda cha mizigo wamelazwa watoto. Taa zimezimwa, simu marufuku kuwashwa, treni inakwenda taratibu kwa kuhofia reli iliyovunjika. Katika majuma ya mwanzo reli ziliwasafirisha mamilioni ya watu kuelekea magharibi, wengi bila tikiti. Alikumbuka baba mmoja aliyempa mtoto mikononi kupitia dirishani na karatasi yenye namba ya simu ya shangazi wa Lviv, akageuka akaenda. Mtoto alifika. Baba yuko wapi, mhudumu hajui. Watu huwaita wafanyakazi wa reli watu wa chuma. Yeye jina hilo halimpendezi. Anasema miguu yake ni ya nyama na inavimba.

Nisiache jambo linalotuhusu sisi. Siku hizo hizo za Februari na Machi 2022 wanafunzi wengi wa Kiafrika walizuiwa kupanda treni na kusukumwa nyuma mipakani, ikawa wazi kiasi kwamba Umoja wa Afrika ulitoa tamko tarehe 28 Februari kulaani ubaguzi huo. Lilitokea, liliwaumiza wenzetu, na kuwapenda kwangu watu wa Ukraine hakunilazimishi kulifunika. Ninayoweza kuwaeleza ni ya sasa: katika safari zangu zote nimehudumiwa kwa heshima, chai yangu imekuja kama ya wengine, na vitoto vilivyonikodolea macho vilikuwa na mama wa kuvikanya. Walinzi wa mpaka wa Ukraine huingia ndani ya treni, hukusanya pasipoti, na mgeni ataulizwa zaidi ya mwenyeji: unakwenda kwa nani, kwa sababu gani, unarudi lini. Kuwa na viza, cheti cha ndoa au barua ya chuo, namba ya mwenyeji, na majibu mafupi. Nikijibu kwa Kiukraine sura zao hubadilika. Wakati nasoma, Kharkiv nzima iliongea Kirusi, na mimi nilikijua Kirusi kwanza. Siku hizi wengi wamehama lugha kwa makusudi, mwalimu wetu akiwemo, na naona ni adabu ya mgeni kuwafuata.

Kyiv tulifika asubuhi. Saa tatu kamili kila siku, kwa agizo la rais tangu Machi 2022, nchi hukaa kimya dakika moja kuwakumbuka waliouawa. Ikikukuta stesheni au barabarani, simama.

Kutoka Kyiv hadi Kharkiv ni kama saa tano kwa treni ya mwendo kasi, zile za Hyundai zilizonunuliwa kwa ajili ya mashindano ya mpira ya Euro 2012. Viti vizuri, soketi za umeme, kahawa inauzwa ndani. Nusu ya abiria wamevaa kijeshi, wamelala vinywa wazi kabla treni haijatoka mjini. Ongeeni polepole mkiwa humo.

Mama mkwe hunipokea kwa lawama kwamba nimekonda, halafu ananitembeza aonyeshe jiji limefagiliwa. Hili kwake ni kubwa kuliko mambo yote. Kioo kikivunjika usiku, asubuhi ufagio umepita na mbao zimepigiliwa, na kila mwaka manispaa inapanda matulipu. Nilimwuliza tena kama hatakuja kukaa nasi. Alinijibu: "Mwanangu, wameniwekea maua. Nikiondoka atayatazama nani?" Dawa alizipokea, soksi alimpa jirani.

Huduma hii naipa nyota tano, na vyoo vya mabehewa ya zamani haviniondolei hata moja. Kwa anayejiandaa: beba betri ya kuchajia iliyojaa, dawa zako zote za safari nzima na siku za ziada, fedha taslimu kidogo za Kiukraine kwa ajili ya chai, kandambili, na chakula cha kugawana, kwa sababu watakugawia. Pakua programu ya tahadhari kabla hujavuka mpaka. Kama utafika usiku, jua kwamba kuna amri ya kutotoka nje na utasubiri ndani ya stesheni mpaka alfajiri. Wewe kijana chukua kitanda cha juu. Vya chini vinahitajiwa na wazee na wenye watoto. Na tikiti ya kurudi ikate siku ile ile unapokata ya kwenda, hasa kwa Agosti na Desemba, maana ukichelewa utarudi kwa basi na utakaa mpakani usiku kucha.